Nyota wa Mechi ya Utangulizi

Wifi yangu aliingia ofisini kwetu Ijumaa saa nne asubuhi akiwa bado na raba za mazoezi. Alipita meza ya mapokezi bila kusimama, akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Mkononi alikuwa na gazeti letu la mwaka uliopita. Alilitandaza juu ya kompyuta yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa pili kutoka chini.

"Soma," alisema.

"Nimeuandika mimi. Sina haja ya kuusoma."

"Soma kwa sauti, wifi. Ofisi nzima isikie."

Ofisi nzima ilikuwa imeshaacha kuandika. Mstari ule ulisema: namba kumi na tisa, Kufuli, nahodha wa timu ya wanawake, mpira wa kikapu. Kufuli ni yeye. Watu walimpa jina hilo kwa sababu mshambuliaji akishafungwa naye hafunguki. Mimi namfahamu kwa njia nyingine: ni mdogo wake mume wangu, na siku ya harusi yetu alikaa mlangoni saa nzima akidai mimi bado sijathibitisha kama najua kuosha sufuria.

Gazeti letu hutoa orodha hii mara moja kwa mwaka, katika toleo la pekee: Nyota Ishirini wa Jiji. Inawapanga wachezaji wote wa kulipwa wa hapa mjini, wa soka, ndondi, kikapu, riadha, wote. Hatupangi ubora. Ubora hubishaniwa mpaka watu wakarushiana viti. Tunapanga mvuto, yaani nani anawatoa watu nyumbani, na mvuto huhesabika. Hesabu hiyo niliitunga mimi miaka minne iliyopita, baada ya orodha ya kura za simu kutupa ushindi kwa mchezaji aliyekuwa na binamu mia mbili. Nachukua watu walioingia mlangoni siku mchezaji anapocheza, natoa walioingia siku asipokuwepo, nagawa kwa idadi ya viti. Kati ya viti mia, vingapi ni vyake? Hiyo ndiyo alama. Wenzangu walicheka kwanza, wakaniita Bi Hesabu. Siku hizi mawakala wa wachezaji hunipigia simu kuuliza afya ya watoto wangu.

"Namba hazina undugu," nilimwambia wifi. "Nilikuambia mwaka juzi, nikakuambia mwaka jana."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu orodha haijatoka."

"Niko wa ngapi?"

"Kumi na tisa."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha hata tone. "Unajua mwenyekiti wa klabu amesema nini?"

Nilijua, maana tangazo lenyewe tulilichapa sisi. Kuanzia msimu ujao klabu itatoa saa za ukumbi kwa timu yenye angalau mchezaji mmoja ndani ya kumi bora za orodha yetu. Ukumbi ni ule mmoja tu mjini wenye sakafu ya mbao na paa lisilovuja. Ligi haisajili timu isiyo na ukumbi. Wanawake kumi na wawili, miaka kumi na moja ya kucheza pamoja, na mwisho wake ulikuwa umeandikwa kwa mkono wangu kwenye mstari wa kumi na tisa.

"Wifi," alisema, na safari hii aliishusha sauti, "umewahi kuja kututazama? Hata mara moja?"

"Siji kwa makusudi. Nikija nitakushangilia. Nikikushangilia nitakosea."

"Basi kesho njoo. Usinitazame mimi, mimi nina nini cha kutazamwa? Tazama viti." Alikunja gazeti, akanipiga nalo begani kidogo, si kwa utani. "Kaka yangu alioa mashine ya kujumlisha. Na mashine yenyewe haijui inajumlisha nini."

Alipotoka, mwandishi wa ndondi alinyanyua kichwa. "Mawifi," alisema, "ndio maana mimi nilioa mtu asiye na ndugu."

Nilimwambia amalize habari yake, ilikuwa imechelewa dakika arobaini.

*

Jumamosi nilifika ukumbini saa nane na nusu. Mlangoni alikaa mama mmoja mwenye koti la bluu na kalamu nyuma ya sikio. Wote walimwita Geti, na nilimjua kwa mwandiko tu, kwani kila Jumatatu ndiye aliyenitumia karatasi ya idadi ya tiketi. Mikononi alikuwa na vihesabio viwili vya chuma, vile vya kubonyeza kwa kidole gumba.

"Kwa nini viwili?" nilimuuliza.

"Cha kulia wanaoingia. Hicho ndicho nakutumia wewe. Cha kushoto wanaotoka. Hicho ni cha watu wa zimamoto. Ukumbi una viti elfu moja na mia nane, wanataka kujua kila nusu saa waliomo ndani ni wangapi, ili moto ukiwaka wajue wanatafuta maiti ngapi." Alibonyeza cha kulia mara tatu bila kuangalia. "Ninalo daftari lake. Hakuna aliyewahi kuliomba."

Tiketi ni moja kwa mechi mbili. Wanawake huanza saa tisa, wanaume saa kumi na moja, na bango la nje lilikuwa na sura moja tu, ya Kiberiti, nyota wa timu ya wanaume. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za maelezo ya dawa, liliandikwa: mechi ya utangulizi, wanawake.

Nilikaa karibu na mlango. Nilifanya nilivyoambiwa, nikatazama viti. Saa tisa kasoro dakika tano vilikuwa vimejaa mpaka safu za juu, ambako taa moja ilikuwa imeungua na watu wamekaa gizani bila kulalamika. Niliposhindwa kujizuia nikageukia uwanjani, niliona jambo moja tu, na ninalikumbuka kwa sababu halikuwa la kawaida. Mshambuliaji wa timu pinzani alikuwa anakimbia na mpira kuelekea kikapuni, bado mbali, na ukumbi mzima ulikuwa umeshasimama. Hawakusimama kwa ajili ya mshambuliaji. Walikuwa wamemwona wifi anaanza kutembea.

Hakukimbia. Alitembea hatua nne, akanyoosha mkono, akarudi na mpira.

Saa kumi na nusu filimbi ya mwisho ilipigwa. Viti vya ukumbi ule hujikunja mtu akinyanyuka, na vilijikunja vyote kwa pamoja, mlio wake kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha watu wakaanza kutoka. Nilisimama kando ya Geti na walinipita kwa dakika ishirini na mbili, wanawake wenye vikoba vya sokoni, wanafunzi, mafundi wenye nguo za kazi, baba mmoja na mabinti zake watatu wakibishana nani atakuwa Kufuli nyumbani. Kidole cha kushoto cha Geti hakikupumzika.

"Wanarudi?" niliuliza.

"Warudi kufanya nini? Wameshaona walichokuja kuona."

Ndani, wasimamizi walikuwa wakiwahamisha waliobaki kwenda upande mmoja, ule unaotazamana na meza kuu na kamera. Saa kumi na moja kasoro dakika tano mwenyekiti wa klabu aliingia na wageni wake kwa mlango wa pembeni, akaketi, akatazama mbele yake, akaona watu. Alitabasamu kama mtu aliyewaalika yeye.

Kiberiti alikuwa akinyoosha misuli karibu na ngazi. Ni kijana mrefu, mpole kuliko picha zake. Aliniona na beji yangu ya gazeti, akaja.

"Wewe ndiye Bi Hesabu?"

"Ndiye."

"Wanasema mwaka huu nimekuwa namba moja."

"Nani anasema?"

"Jalada, dada. Nimepigwa picha ya jalada." Aliangalia zile safu tupu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Sisi tukiingia viti bado vina joto. Joto si letu. Timu nzima tunajua."

"Mbona hamkusema?"

"Ungekuwa wewe ungesema?"

Nilitaka kumjibu kwamba ndiyo. Nikaomba daftari kwa Geti badala yake.

*

Jumapili sikwenda popote. Nilikaa mezani na daftari la zimamoto, karatasi zangu na kikokotoo, na mpaka saa sita mchana nilikuwa nimelipata kosa. Lilikuwa langu, na lilikuwa limekaa wazi kwenye fomu ya hesabu yangu miaka minne, katika sharti la saba: *Mechi ya utangulizi haina mlango wake, watazamaji wote wa siku huandikwa kwa mechi kuu.*

Hesabu nilijifunzia kwenye viwanja vya soka. Huko mechi ya utangulizi ni watoto wa shule wakikimbizana huku mashabiki wakitafuta pa kukaa. Sharti lile huko ni la haki kabisa. Nililihamisha kutoka uwanja wa soka kwenda ukumbi wa kikapu kama mtu anayehamisha kabati, bila kufungua milango yake. Kwa fomu yangu, wanawake wale walikuwa hawana mtazamaji hata mmoja katika mechi za nyumbani. Ile kumi na tisa ya wifi ilitoka kwenye mechi chache za ugenini, walikocheza peke yao.

Na Kiberiti? Mwaka jana alikuwa wa sita. Msimu huu alifungiwa mechi tatu kwa kumtukana mwamuzi. Jumamosi zile zile tatu wifi alikuwa nyumbani kwa mama mkwe, mguu juu ya mto, bandeji kwenye kifundo, mimi mwenyewe nikimpelekea matunda. Idadi ya mlangoni ilishuka kwa karibu watu mia tisa na hamsini. Fomu ilijua jina moja tu la kulipa sifa hiyo, ikalilipa. Kiberiti alipata alama hamsini na tatu, namba moja, mbali juu ya mshambuliaji wa soka mwenye thelathini na moja.

Daftari lilisema hivi. Mechi kumi na moja za nyumbani. Wifi akicheza, waliomo ndani saa tisa na nusu ni wastani wa watu elfu moja mia nne kumi na wawili. Asipocheza, mia nne sitini na watatu. Mechi ya wanaume, Kiberiti akiwepo, mia tano kumi na wanane. Asipokuwepo, mia nne themanini.

Nikagawa. Kufuli, hamsini na tatu. Kiberiti, mbili.

Nilirudia mara tatu, mara ya mwisho kwa mkono. Hasira iliyonipanda haikuwa ya kupiga meza. Ilikuwa baridi, na ilinihusu mimi kwanza. Nyani haoni kundule, na mimi kwa miaka minne nilikuwa nimewapigia wengine kelele za makundu yao, nikimwambia shemeji wa kila mtu, mjomba wa kila mtu, kwamba namba hazina undugu. Hazina, kweli. Lakini fomu ina mwandishi.

*

Mhariri wetu wa michezo huitwa Refa kwa sababu akishaamua husema "nimepuliza" na mjadala umekwisha. Jumatatu saa mbili niliweka mbele yake karatasi mbili: orodha niliyokuwa nimempa wiki iliyopita, na orodha sahihi. Alizisoma zote. Si mjinga. Alisoma hata daftari.

"Hii ni kweli," alisema.

"Ni kweli."

"Tabu yake ni hiyo." Alifungua droo, akatoa jalada. Kiberiti akiwa angani, mpira kiganjani, na namba moja kubwa nyekundu nyuma yake. "Limechapwa tangu Alhamisi. Elfu arobaini. Karatasi ya kung'aa."

"Lichapwe upya."

"Kwa sababu gani? Kwa sababu mtu wangu wa takwimu amekwenda ukumbini Jumamosi, akarudi amemtoa wifi yake kutoka kumi na tisa mpaka moja, wiki ile ile timu ya wifi yake inafutwa? Nani atafungua daftari la zimamoto? Watasoma neno moja tu: wifi."

"Chapa daftari lenyewe."

"Mama, mimi nauza gazeti la michezo, siuzi ushahidi."

"Basi orodha isitoke."

"Orodha itatoka Jumamosi." Alichukua kalamu, akazungusha duara kwenye orodha ya zamani. "Sikiliza. Mimi pia nina dada. Namba kumi. Tunampandisha mpaka kumi. Timu yao inabaki, jalada linabaki, wewe unalala, mimi nalala."

"Kumi kwa alama gani?"

"Andika kumi na nane."

"Imetoka wapi?"

"Hapa." Aligonga kichwa chake.

"Namba kumi sasa hivi ni bondia wa uzito wa kati. Ana kumi na saba. Kumi na saba zake nilizihesabu mlangoni, mimi mwenyewe, mapambano sita. Unamtoa kwenye kumi bora kwa namba uliyoiokota kichwani?"

"Bondia hana ukumbi wa kupoteza."

"Ana haki yake ya kupoteza."

"Haki!" Refa alisimama. Ni mtu mnene na husimama kwa hatua. "Miaka minne umempa huyu binti kumi na tisa ya uongo na ulikuwa unalala usingizi mzuri. Leo nakupa kumi ya uongo yenye faida, unaniletea haki? Orodha inatoka na sahihi yako chini ya ukurasa au bila sahihi yako. Bila sahihi yako inatoka ile ya zamani, kumi na tisa. Jumatano saa kumi jioni. Nimepuliza."

Nilibeba karatasi zangu. Mlangoni nikamwambia kwamba mpuliza filimbi asiyeangalia mchezo ni mpita njia mwenye filimbi. Alirudisha jalada kwenye droo. Sikusikia nafuu yoyote kwa kusema hivyo.

*

Jumanne nilimkuta wifi ukumbini peke yake, akifunga raba. Nilimweleza yote kwa mpangilio: sharti la saba, daftari, hamsini na tatu, jalada, kumi. Nilisema na lile lililokuwa gumu, kwamba kosa ni langu.

Alisikiliza akiwa ameshika kamba za kiatu. Nilipomaliza hakuuliza habari ya hamsini na tatu. Aliuliza, "Umesaini?"

"Sijasaini. Wewe ni wa kwanza, wifi. Si wa kumi. Nitapeleka hesabu kwa bodi ya gazeti, nitaandika barua..."

"Bodi inakaa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Klabu inagawa saa za ukumbi wiki ijayo." Alisimama. Yeye akisimama, mimi huangalia kidevu chake. "Saini."

"Kumi ni uongo."

"Na kumi na tisa ilikuwa nini?"

Niligeukia safu za viti vitupu.

"Nakuuliza. Ilikuwa nini? Mara nne uliweka jina lako pale. Mama alikuomba, kaka alikuomba, mimi nilikuja mpaka kwenye meza yako, ukaniambia namba hazina undugu, ukaniangalia kama nimekuja kuomba chumvi. Uongo wa kuniangusha uliusaini bila kutetemeka. Uongo wa kuniinua ndio umekutia kichefuchefu?"

"Ule sikuujua."

"Kwa sababu hukuja kutazama! Ungekuja siku moja. Moja tu! Ulikuwa unajilinda wewe, mikono yako isichafuke, wifi asije akasema kitu ukasikia. Hiyo ndiyo haki yako? Haki ya kufumba macho?" Sauti yake ilizunguka ukumbi mtupu na kurudi. "Nina wachezaji kumi na mmoja nyuma yangu. Mmoja ana umri wa miaka thelathini na sita, akikosa msimu huu hana mwingine. Hawataki kuwa wa kwanza. Wanataka sakafu. Unafikiri mimi sijui kama ni wa kwanza? Nikiingia hapa nawaona. Karatasi yako hainipi kitu ambacho sina. Inaweza kuninyang'anya tu."

"Na bondia?"

"Nitamwomba radhi mwenyewe. Namjua. Ukitaka nitamwambia anipige." Alichukua mpira kutoka sakafuni. "Saini, wifi. Halafu baadaye endelea na vita vyako, peleka bodi, peleka mbinguni. Lakini usivipigane kwa ukumbi wangu."

 Nilisimama pale nikimtazama anavyopiga mpira kwenye mbao, na nilimchukia kidogo, kwa sababu alikuwa sahihi.

Jumatano saa kumi kasoro dakika tano nilisaini. Kabla ya kusaini nilimlazimisha Refa kuandika, kwa mkono wake, kwamba sharti la saba limefutwa na kwamba kuanzia msimu ujao kila mechi itahesabiwa kwa waliomo ndani, si kwa tiketi. Aliandika haraka, kwa ukarimu wa mtu asiyepoteza kitu. Kisha nikaandika mstari wa kumi: Kufuli, alama kumi na nane. Mkono wangu ni mwepesi kwa tarakimu. Nane ile ilinichukua muda kama inachongwa.

*

Gazeti lilitoka Jumamosi. Saa tano mwenyekiti wa klabu alimpigia wifi simu: pongezi, saa za ukumbi zipo, barua itasainiwa kesho kutwa. Aliongeza kwamba amshukuru Kiberiti, maana umati wa kijana yule ndio unaowabeba hata kina dada.

Jumapili tulikula kwa mama mkwe. Gazeti lilikuwa limekunjwa juu ya friji, ukurasa wa orodha nje. Mama mkwe alinipokea kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipomzalia mjukuu wa kwanza, akanikalisha kwenye kiti chenye mto.

"Damu nzito kuliko maji," alisema. "Nilimwambia mume wako, mwache tu, siku moja moyo wake utalainika. Umemkumbuka mwenzio."

"Sikumkumbuka, mama. Nilihesabu."

"Ndiyo, ndiyo." Alinipigapiga mkono. "Hesabu."

Mume wangu alikuwa akinitazama kwa upole ambao ulinifanya nitake kutoka nje. "Najua ilivyokuwa ngumu kwako," alisema. "Wewe na kanuni zako. Toka kumi na tisa mpaka kumi. Sitasahau."

"Si wa kumi," nilisema.

"Eh?"

"Dada yako si wa kumi. Ni wa kwanza. Wa kwanza katika jiji zima, kwa umbali ambao sijawahi kuuona tangu nianze kazi hii. Nimempunja nafasi tisa, na mwaka jana nilimpunja kumi na nane."

Mama mkwe akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyefurahi kweli kweli, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Jamani! Ukimwomba mkono anatoa na bega. Mwanangu, kumi inatosha, usitie chumvi. Utaharibu kazi yako kwa ajili yetu."

Mume wangu naye alicheka. Waliamini kumi ile ilikuwa upendeleo. Hilo ndilo lililonikera. Kwa miaka minne nilisema uongo nikaaminiwa kuwa mkweli mpaka nikaogopwa, na siku niliyosema ukweli nyumbani kwangu, mbele ya watu wanaonipenda, ukapokelewa kama mzaha wa mawifi.

Nilimgeukia wifi. Alikuwa ng'ambo ya meza, akila taratibu, macho kwenye sahani.

"Waambie," nilisema.

Alitafuna, akameza. "Barua inasainiwa kesho, wifi."

"Hawa ni mama yako na kaka yako."

"Na mama ana simu, na shangazi ana simu, na mke wa mwenyekiti husuka nywele kwa shangazi." Alininyooshea bakuli la mboga. "Leo mimi ni wa kumi. Kula."

Sikulipokea bakuli. Aliendelea kulishika hewani, mkono umenyooka, haukutikisika hata kidogo, na nikajua kwamba hata kama ningekaa hivyo mpaka jioni nisingeupita mkono ule.

Mume wangu alikuwa amechukua gazeti juu ya friji na kulifungua. Ni mpenzi wa ndondi. Alishuka na kidole kwenye orodha, akakunja uso.

"Hivi bondia wangu si alikuwa ndani ya kumi mwaka jana? Amekuwaje wa kumi na moja? Mbona msimu huu amejaza kila pambano?"

"Amejaza," nilisema.

"Sasa imekuwaje?"

"Kuna mtu amemwibia nafasi."

"Nani?"

"Jina lake liko chini ya ukurasa," nilisema. "Kwa herufi ndogo."